Hotuba ya Mwenyekiti: Kiwanda cha Saruji na Majirani Zake








 Tunawakumbuka wenzetu waliotutangulia mbele ya haki kabla ya kuiona sherehe hii. Mungu awalaze mahali pema.

Miaka kumi si midogo. Tulipoanza mwaka 2015 wapo waliosema kikundi cha akina mama hakitafika mavuno ya pili ya maharage. Wengine walituambia waziwazi kwamba tunakwenda kusengenyana chini ya mti. Leo tumefika, na sanduku letu bado lina kufuli tatu na funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu, kama tulivyoanza.

Wengi mmekuja mkitegemea tusome hesabu za hisa na mikopo. Hesabu hizo zipo katika taarifa ya Mweka Hazina, kila mtu ajisomee. Sisi kamati ilitutaka tuseme neno moja la kubaki nalo hata baada ya soda kwisha. Basi tumechagua kusema juu ya saruji, na juu ya watu wanaoishi jirani na viwanda vya saruji. Tunaona baadhi yenu mnatazamana. Vumilieni kidogo. Jambo lililo mbele ya kijiji chetu mwaka huu linatoka hukohuko kwenye mawe.

MFUKO WETU WA KWANZA

Wakubwa kati yetu tumezaliwa katika nyumba za miti na udongo, chini kumetandikwa nyasi. Hatuzidharau, zilitulea. Lakini mwanachama wetu wa kwanza kukopa fedha ya ujenzi alikopa kwa ajili ya sakafu, kwa sababu funza walikuwa wanawamaliza watoto wake miguu. Akanunua mifuko ya saruji, akaiweka chini kwenye udongo, wakati wa mvua. Fundi alipokuja baada ya wiki mbili akaikuta imeshakuwa jiwe. Deni likabaki, sakafu hakuna.

Tulikaa kikao mpaka jua likazama. Tukamwongezea muda bila faini, na katibu akaandika kwenye daftari: saruji huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na hainunuliwi mpaka fundi ameshapatikana. Kanuni hiyo ipo mpaka leo. Na mama yule sakafu anayo, sabuni na maji tu, watoto wanatambaa.

Halafu tarehe 10 Septemba 2016 likaja tetemeko la ardhi katika mkoa wetu wa Kagera. Liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, zaidi upande wa Bukoba na Missenyi. Huku kwetu Karagwe na Kyerwa wengi walibaki na hofu. Tangu siku ile kila mwenye uwezo akataka nyumba yenye msingi wa mawe na nguzo za zege, na maombi ya mikopo ya saruji yakawa mengi kuliko ya ada ya shule.

Ghala hili mlilokaa mbele yake, na tangi la maji ya mvua lililo nyuma yake, tumelijenga kwa matofali ya kufungamana. Ni udongo wetu mwekundu uliochekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, ukakandamizwa kwa mashine ya mkono. Mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali mia moja na zaidi, wala hayachomwi kwa kuni. Mabega yetu yanajua kazi ile.

SWALI LA MWENZETU

Sasa, katika kikao kimoja cha mwaka jana tulikuwa tunalalamika juu ya bei. Mfuko unaotoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita elfu moja mpaka ufike Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na kila kilomita inadai fedha yake. Lami ya Kyaka mpaka Bugene imesaidia, lori halilali tena kwenye tope kama zamani, lakini umbali uko palepale. Ndipo mwenzetu mmoja akasimama akauliza: "Jamani, kwani sisi hatuna mawe? Kwa nini tusiombe kiwanda cha saruji kijengwe hapa?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana swali lilikuwa la haki. Tukapeana kazi ya kuulizia. Mmoja alimwuliza mwalimu wa sekondari. Mwingine ana mtoto anayeishi Tegeta, Dar es Salaam. Wengine wana ndugu upande wa Kasese, Uganda, tunaoelewana nao lugha bila mkalimani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Saruji haitengenezwi kwa jiwe lolote. Inataka jiwe la chokaa, tena kwa wingi sana, na udongo wa mfinyanzi. Jiwe hupasuliwa, husagwa, kisha huchomwa katika tanuru refu linalozunguka, moto wake ukifika nyuzi 1,450 hivi. Hutoka vidonge vigumu vinavyoitwa klinka. Hivyo navyo husagwa pamoja na jasi kidogo, ndipo ukapata ule unga wa kijivu. Kwa hiyo kiwanda hukimbilia penye chokaa, moto wa kutosha na njia ya kusafirishia. Milima yetu hii ni ya mawe magumu, na kule Kyerwa ina bati. Kupata kiwanda cha saruji hapa si jambo la kesho.

Lakini tulipokuwa tunauliza habari za kiwanda, tukajikuta tunaulizia zaidi habari za watu wanaokaa pembeni yake. Na hapo ndipo tulipopata somo.

WAZO HILL

Kiwanda cha kwanza cha saruji hapa nchini ni cha Wazo Hill, kaskazini ya Dar es Salaam. Kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Kabla ya hapo saruji ililetwa kutoka nje. Mwanzo kilikuwa cha wageni, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kikaingia mikononi mwa Serikali, na katika miaka ya 1990 kikarudi tena kwa wageni. Wakati huo wote mji ulikuwa unakikimbilia. Tegeta na Boko palipokuwa mashamba na vichaka, leo ni nyumba mpaka nyumba. Kiwanda kilileta ajira, malori, maduka, mama lishe, vyumba vya kupangisha. Hayo ni mema, tusiyafiche.

Lakini pembeni ya kiwanda hicho, mahali panapoitwa Chasimba na maeneo ya jirani, maelfu ya watu walijenga na kulima kwenye ardhi ambayo kiwanda kilisema ni yake ya kuchimba malighafi. Mgogoro ule ulikwenda mahakamani, ukadumu miaka mingi, na Serikali ikaingia kati mara kadhaa. Sisi hatuko hapa kusema nani alikuwa na haki. Tunasema hivi: mtu amezaa hapo, amezika hapo, ameotesha minazi, lakini siku ya kuulizwa karatasi hana. Mwenzake anayo. Fikirini usingizi wa mama wa nyumba ile kwa miaka yote hiyo, hajui kama apige lipu ukuta au aache.

MTWARA NA BAMBURI

Mwaka 2015 kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha Dangote kule Mtwara, chenye uwezo wa kutoa tani milioni 3 kwa mwaka. Watu wa kusini walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini mwishoni mwa mwaka 2016 uzalishaji ulisimama kwa muda kwa mambo ya gharama za uendeshaji, na habari zake zikafika mpaka Ikulu. Baadaye kazi iliendelea. Sasa wewe mama uliyekopa sanduku zima la kikundi ukafungua hoteli ya kuwapikia madereva wa kiwanda, siku tanuru linapozimwa, wali unamuuzia nani? Mkopo hausubiri tanuru liwashwe.

Kule Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda kilianza mwaka 1954, na kilichimba chokaa mpaka pakabaki jangwa la mawe meupe. Mwaka 1971 kazi ya kupanda miti mle shimoni ikaanza. Walianza na mivinje, kwa sababu inavumilia chumvi na jua. Majani yakaoza yakafanya udongo, ikafuata miti mingine, samaki na wanyama, na leo watu hulipa kiingilio kwenda kutembea mahali palipokuwa shimo. Kumbe shimo linaweza kurudishwa likawa msitu! Lakini lazima awepo mtu wa kulidai na mtu wa kulifanya. Shimo halijifuniki lenyewe.

HIMA, JIRANI ZETU

Ukivuka daraja la Murongo, ukapita Mbarara, ukashuka mpaka Kasese chini ya milima ya Rwenzori, mbele kidogo utafika Hima. Kwa ramani, kiwanda cha Hima kiko karibu nasi kuliko Wazo Hill mara nyingi. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na kiwanda cha saruji kikapata kusimama kando ya reli hiyo. Kikawa cha Serikali ya Uganda. Katika miaka mibaya ya nchi ile kikadhoofu. Shaba ya Kilembe ikasimama, treni nayo ikaacha kupita. Mwaka 1994 kiwanda kikauzwa kwa watu binafsi, mwaka 1999 kikachukuliwa na kampuni ya Bamburi ya Kenya, na mwaka 2024 kikabadili mikono tena.

Hesabuni wenyewe. Wenye kiwanda wamebadilika mara ngapi? Na bibi mwenye shamba la kahawa pale mlimani hajahama hata mara moja. Hili ndilo neno tulilotaka mbaki nalo, akina mama wenzetu: kiwanda hubadili mwenyewe, kijiji kinabaki. Ahadi ya mdomo aliyokupa bwana wa kwanza, bwana wa pili haijui. Ikiwa imeandikwa, hata bwana wa nne ataisoma.

Na jambo jingine la Hima litawafurahisha. Tanuru lile, pamoja na mafuta na makaa, limekuwa likichomewa maganda ya kahawa na ya mpunga. Maganda ya kahawa, jamani! Haya tunayomwaga migombani. Sisi hatusemi migomba inyimwe matandazo yake, maana kibanja kisichotandazwa ni njaa. Tunachosema ni kwamba mkulima wa kule aliweza kukiuzia kiwanda kitu kilichotoka shambani kwake, na siku kiwanda kikilala, kahawa yake bado ni kahawa. Huyo amekaa vizuri na jirani yake mkubwa. Hakukabidhi shamba ili apate kibarua.

BATI YA KYERWA NA KOKOTO ZETU

Ndugu zangu, tusidhani habari hizi ni za mbali. Kyerwa, ambayo ilikuwa pamoja nasi Karagwe mpaka wilaya zilipogawanywa mwaka 2012, imechimbwa bati tangu enzi za Mwingereza. Wanunuzi wamekuja na kuondoka, bei imepanda na kushuka, na wanaobaki na mashimo ni wanakijiji. Wenzetu wa Kyerwa mliokuja leo mnajua kuliko sisi, tutawapa nafasi baada ya chakula mseme wenyewe.

Sisi wenyewe tunalo letu, na leo tutalisema hata kama linatuaibisha. Mwaka 2018 alikuja mkandarasi akitaka kokoto na mchanga. Tuligonga kokoto kwenye kilima chetu wiki tano, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mwenzetu mmoja aliumia jicho kwa kipande cha jiwe, mpaka leo haoni nalo vizuri. Mkandarasi alilipa tripu za mwanzo, tukaimba. Za mwisho akasema atalipa lori likirudi. Lori halikurudi. Tulipokwenda kushitaki tukaulizwa mkataba. Mkataba gani? Tulikuwa na namba ya simu tu, nayo imezimwa.

Na tuseme ukweli wote. Katika kikao cha kumkubali mtu yule, mama mmoja mzee alisema, "Aandike." Ni sisi wa kamati, Mwenyekiti akiwa wa kwanza, tuliosema tusimchoshe mgeni, tumwamini. Mama yule alinyamaza kwa heshima. Leo yupo hapa, kakaa pale mbele. Mama, tunakuomba radhi mbele ya watu wote. Ulisoma darasa la pili tu, lakini ulitushinda sisi wa darasa la saba.

KILIMA CHETU

Sasa mnajua kwamba mwaka huu kampuni imekuja kijijini. Inataka kilima kile kile kwa ajili ya kuchimba mawe na kuyasaga kwa mashine. Kilima kile ni rweya, ni cha wote. Hapo tunakata nyasi, hapo mbuzi wanalisha, hapo tunagonga kokoto, na chini yake ipo chemchemi tunayochota sisi na shule yetu. Mkutano Mkuu wa Kijiji umeitishwa. Wapo wanaosema tukubali haraka kabla kampuni haijakwenda kijiji cha jirani. Wapo wanaosema tukatae kabisa. Nyumba nyingine mume anasema hivi na mke anasema vile, na ndani ya kikundi hiki pia hatuko kitu kimoja.

Sisi kama kikundi hatukuja leo kusema ndiyo wala hapana. Tumekuja kusema: tusiingie mkutanoni kama tulivyoingia kwa yule mkandarasi.

Kwanza, kila mwanachama aende. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ardhi haigawiwi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Mkutano Mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Haikuandikwa "wanaume." Ukibaki jikoni ukampa mumeo agizo, agizo halipigi kura.

Pili, tujue tofauti ya leseni na ardhi. Mawe ya ujenzi, mchanga na chokaa ni madini kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na leseni hutolewa na Tume ya Madini. Lakini leseni ya madini si hati ya shamba. Mwenye leseni anatakiwa kuelewana na wenye ardhi na kulipa fidia ya anachoharibu. Na tukubali, hata sisi wagonga kokoto hatuna leseni. Tumekuwa tukifanya kwa mazoea. Zipo leseni ndogo za uchimbaji zilizotengwa kwa Watanzania. Tunapendekeza kikundi kitume watu wawili ofisi ya madini wakaulize masharti na gharama, ili tukifika mkutanoni tuweze kuomba sehemu ya kilima ibaki ya wagonga kokoto wa hapa, kwa karatasi.

Tatu, chemchemi. Kabla mashine haijawaka, tunaomba wataalamu wa mazingira wapime na watueleze kwa lugha tunayoielewa maji yatakuwaje na vumbi litakwenda upande gani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi inayoweza kuharibu mazingira ifanyiwe tathmini na wananchi wasikilizwe. Kusikilizwa si kusaini karatasi ya mahudhurio na kupewa soda. Na tuulize mapema: mkimaliza kuchimba, shimo mtalifanyaje? Habari ya Bamburi mmeshaisikia.

Nne, mchango wa kijamii. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye leseni ya madini anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii akikubaliana na halmashauri. Tusingoje kupewa mpira na jezi. Tukae tuseme tunataka nini: maji, darasa, zahanati. Tuandike.

Tano, na hili ni la ndani ya nyumba. Kampuni ikipita kwenye vibanja kutafuta njia ya malori, fidia italipwa kwa mwenye jina. Mwenzetu mmoja alishalia hapa kikundini. Mumewe alipokea fedha ya kipande cha kibanja, yeye akasikia kwa jirani, na fedha ikaishia senta. Kibanja alichokitandaza miaka ishirini! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Tunawaomba wanaume waungwana mliopo hapa, na mko wengi, msilione hili kama vita. Mwenye kuandika jina la mkewe hapungukiwi na kitu, na watoto wanalala salama. Mkiwa na shauri la ardhi, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kwa sheria wasiopungua watatu ni wanawake. Kama la kwetu halijatimia, Mwenyekiti wa Kijiji yupo hapa, anatusikia.

SANDUKU NA KILIMA

Kuna atakayesema, "Haya yote yanahusu nini kikundi cha kuweka na kukopa?" Yanahusu. Mtu mwenye njaa husaini chochote. Yule mkandarasi alitupata kwa sababu ilikuwa miezi ya njaa, maharage hayajakomaa na ada inadaiwa. Akiba yetu ndiyo inayotupa uwezo wa kumwambia mtu, "Subiri, tusome kwanza." Kila hisa unayonunua siku ya kikao ni siku moja zaidi unayoweza kusubiri bila kuinama.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwenu wageni wetu. Ndugu Diwani, kikundi chetu kimesajiliwa kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Tunaomba tukumbukwe katika mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ili tununue mashine ya pili ya matofali. Na ndugu mgeni rasmi, tunaomba utusaidie apatikane afisa ardhi na mtu wa sheria waje kukaa nasi siku moja kabla ya Mkutano Mkuu. Siku moja tu. Chakula chao tutapika sisi, ndizi zipo.

Kwenu wanachama wenzetu, tunawaambia hivi. Tusigombane kwa sababu ya kilima. Anayetaka kampuni ije si adui wa kijiji, huenda ana kijana amekaa nyumbani hana kazi. Asiyetaka si mjinga, huenda anachota maji pale chini kila asubuhi. Wote wana haki ya kusikilizwa. Kampuni ikija au isipokuja, keshokutwa tutakutana hapahapa chini ya bati hili, tukihesabu hisa, tukipeana pole na hongera.

Na mama yetu mzee tuliyemwomba radhi, tunapendekeza siku ya Mkutano Mkuu akae mstari wa mbele. Mtu yeyote akitoa ahadi, mama asimame aseme neno lake lile lile moja. Safari hii hatutamwambia anyamaze.

Tunawashukuru nyote mliochanga fedha, mihogo, ndizi, maharage, rubisi na viti. Tunawashukuru mafundi, vijana wa ngoma na kwaya. Mungu awarudishie palipopungua.

Idumu akiba yetu, udumu umoja wetu.